Mlimani Pakijaa: Arusha au Dodoma?

Wanaojadiliana ni binti aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL na anayetaka kusoma sheria. Mama yake, mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Tengeru. Kaka yake, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Babu yake mzaa baba, mkulima wa kahawa. Na mwalimu wa taaluma wa shule aliyosoma. Matokeo ni daraja la pili. Chaguo la kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, halina mpinzani. Linalogombaniwa ni la akiba.

KAKA: Mimi nasema Dodoma, kwa sababu kubwa moja: ni chuo cha umma. Kilipoanza mwaka 2007 kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000. Mlimani pakijaa, mtoto wa mkulima akimbilie wapi kama si penye nafasi, penye ada ya serikali, na penye hosteli ndani ya eneo la chuo? Hayo matatu yakiwapo, mengine yatajipanga.

MAMA: Nafasi nyingi maana yake watu wengi. Mwanangu anakwenda kusoma au anakwenda kuongeza idadi ukumbini? Hapa tuna Makumira. Napanda daladala Tengeru, nashuka Usa River, chuo hiki hapa. Kilianza mwaka 1954 kama chuo cha teolojia cha Walutheri, leo ni chuo kikuu na sheria inafundishwa. Atakula kwangu na kulala kitandani kwake. Kwa nini nimpeleke zaidi ya kilomita 400 akatafute kitu kilichopo mlangoni?

KAKA: Kwa sababu kilichopo mlangoni kina bei, mama. Makumira ni chuo cha kanisa, na ada yake haikai sawa na ya chuo cha umma. Wewe unaona umbali, mimi naona risiti.

MWALIMU: Hapo naomba niingie, kwa sababu nimeona wazazi wengi wakikosea hesabu hii. Bodi ya Mikopo inawakopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi. Lakini mkopo wa ada una kiwango chake. Chuo kikitoza zaidi ya kiwango hicho, tofauti inarudi kwa mzazi. Pesa ya chakula na malazi nayo ina kikomo: tangu mwaka wa masomo 2022/23 imepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Na kikomo hicho hakitazami mji. Mwanafunzi wa Dodoma na wa Usa River wanapimwa kwa kiwango kimoja.

MAMA: Umesikia? Elfu kumi ni ileile. Dodoma, elfu kumi hiyo inakwenda kwa mama ntilie, kwa mwenye chumba, kwa nauli na kwa ndoo ya maji. Hapa nyumbani chakula ni changu na chumba ni changu. Bumu, yaani hiyo pesa ya chakula na malazi, lote linabaki mkononi, na ndilo litakaloziba hiyo tofauti ya ada unayonitisha nayo.

KAKA: Unahesabu bumu ambalo bado halijatoka. Si kila anayeomba anapata, na si kila anayepata anapata asilimia mia. Tuseme amekosa kabisa. Ada ya chuo cha umma tutaichanga: kahawa, ndizi, na mimi kidogo kidogo. Ada ya chuo cha binafsi bila mkopo itatushinda mwaka wa kwanza haujaisha. Hapo atarudi nyumbani kweli, na hatarudi kulala tu.

MAMA: Na akikosa mkopo akiwa Dodoma? Ada nitalipa, chakula nitalipa, malazi nitalipa, nauli nitalipa. Mizigo minne. Huku ni mzigo mmoja, hata kama ni mkubwa. Mwaka wako wa pili nilikutumia pesa kila wiki ya soko. Jumatano nauza, Alhamisi natuma. Usiniambie chuo cha umma ni rahisi. Ni rahisi kwenye karatasi ya ada.

KAKA: Nakumbuka, mama, na sitasahau. Ila mwaka wangu wa pili sikuwa hosteli. Nilihamia Ng'ong'ona kupanga chumba na wenzangu. Ningebaki hosteli, ungetuma nusu.

MWALIMU: Nyote wawili mna hesabu za kweli, na ndiyo maana hamtashindana kwa mdomo. Chukueni muundo wa ada wa kila chuo muandike ada, michango, bima ya afya, malazi, chakula na nauli za mwaka mzima. Kisha jumlisheni mara mbili: mara moja mkopo ukiwapo, mara nyingine usipokuwapo. Nitasahihisha na jambo moja, kaka. Zile nafasi 40,000 si za sheria. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu kinaonyesha kila programu na idadi ya nafasi zake. Tazama mstari wa sheria peke yake. Chuo kinaweza kuwa kikubwa kuliko vyote nchini, na programu unayoitaka ikawa na mlango mwembamba.

BINTI: Mmezungumza pesa muda wote huu, na nawashukuru kwa kuwa zinatoka mifukoni mwenu. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu sheria yenyewe. Mimi naiona Arusha kwa jicho lingine. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Hapa, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Hukumu hiyohiyo ilisema kuwa ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa. Ni mji gani mwingine Tanzania ambako mwanafunzi wa sheria anaweza kupanda daladala akaenda kusikiliza majaji wa nchi mbalimbali?

KAKA: Hayo ni mazuri, mdogo wangu, lakini ya Rwanda imefungwa, na ya Afrika nchi yetu ilijitoa mwaka 2019 katika tamko lililoruhusu mwananchi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Utakwenda kusikiliza kesi za watu wengine. Wakili wa Tanzania analishwa na sheria za Tanzania, na hizo zinatungwa Dodoma. Bunge liko Dodoma, wizara zimehamia Mtumba, makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yamejengwa Dodoma. Hata Sekretarieti ya Ajira iko huko. Wenzangu wangapi wa Arusha wamelala njiani kwenda Dodoma kwenye usaili, wakati sisi tuliosoma pale tulitembea kwa miguu?

BINTI: Ulitembea kwa miguu kwenda kwenye usaili, kaka, lakini kazi hukuipata huko. Nasema kwa heshima. Una shahada ya ualimu na leo unaendesha watalii. Na kuhusu mahakama, umetaja moja ukaacha nyingine. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili. Vijiji vinne vya Loliondo vilifungua shauri la ardhi dhidi ya serikali mwaka 2017, hapahapa Arusha. Hizo si kesi za watu wengine. Ni kesi za majirani zetu.

MAMA: Asante, mwanangu. Nilikuwa sijui hayo yote, lakini nilijua Arusha si mji wa ndizi tu.

KAKA: Umenichoma, lakini nitajibu. Kuendesha watalii sikufundishwa Dodoma, kweli. Kiingereza cha kuzungumza na mgeni siku nane porini, kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kuishi chumba kimoja na Msukuma, Mmakonde na Mpemba bila ugomvi, hayo niliyapata Dodoma. Ningesoma nikilala nyumbani ningehitimu nikiwajua watu wa Meru tu. Sheria ni kazi ya watu. Wakili asiyejua watu wa nchi yake atawatetea vipi?

MWALIMU: Nawaomba msijenge chuo kwa majengo ya jirani. Mji wenye mahakama haufundishi sheria, na mji wenye Bunge vilevile. Anayefundisha ni mhadhiri, maktaba, na mahakama ya mazoezi ambamo mwanafunzi anasimama akatetea hoja. Mnakumbuka mwaka 2022? Matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza. Waziri aliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Wale 633 wote walikuwa na shahada za sheria. Walitoka vyuo vya umma na vya binafsi, vya miji mikubwa na midogo. Na msisahau, akisoma Arusha au Dodoma, akitaka uwakili bado ataikuta shule hiyo mbele yake, na iko Dar es Salaam. Binti, umewahi kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo chochote kati ya hivi viwili ni mara ngapi amesimama katika mahakama ya mazoezi?

BINTI: Sijauliza, mwalimu. Nitauliza vyuo vyote viwili kabla sijajaza.

BABU: Mmesema wote, sasa mnisikilize. Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao iwe ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Tulifanya nini? Hatukukaa hapa mlimani kulia. Tulichanga, na Kirilo Japhet akavuka bahari. Mwaka 1952 alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa akasema jambo la Wameru. Mwanasheria aliyetusaidia, Earle Seaton, hakuwa Mmeru wala Mchaga, alitoka Bermuda akaja kufanya kazi Moshi. Haki yetu ilisemwa na watu waliokubali kwenda mbali. Mtoto aende Dodoma. Tena Dodoma si mbali.

MAMA: Baba, heshima yako nailinda. Lakini Kirilo alitumwa na kabila zima, na michango ilitoka kila kijiji. Huyu atatumwa na mimi na meza yangu ya ndizi. Na Kirilo alikuwa na nguvu kule kwa sababu ya watu aliowaacha huku. Alikwenda mbali kwa shauri la nyumbani, si kwa sababu mbali ni kuzuri.

BINTI: Na mimi naomba kuongeza, babu. Kirilo alikwenda New York kwa kuwa hapa hapakuwa na mahali pa kusemea. Watu wa Loliondo hawakuvuka bahari, walikuja Arusha. Huenda hiyo ndiyo tofauti kati ya zama zako na zangu. Lililokuwa mbali limesogea.

BABU: Mahakama imesogea, mjukuu wangu, nakubali. Je, wewe umesogea? Umesoma msingi hapa, sekondari hapa, kidato cha sita hapahapa Arumeru. Seaton alipotoka kwao alijifunza kwetu tunavyoishi kabla ya kututetea. Mimi sisemi Arusha ni ndogo. Nasema wewe hujaondoka.

MAMA: Ameondoka. Alikaa bweni miaka miwili.

BINTI: Nilikaa bweni, mama, na hilo ndilo linalonifanya nisite. Kidato cha tano na cha sita nilifaulu vizuri kuliko nilivyofaulu kidato cha nne nikiwa nyumbani. Hukunizuia kusoma hata siku moja. Lakini Jumatano na Jumamosi gari la ndizi linaposhusha saa kumi alfajiri, hakuna mtu mwingine wa kukusaidia kuhesabu mikungu. Jioni kuna ng'ombe. Mgonjwa akiwapo, ni mimi. Nikisoma Makumira nikalala hapa, nitakuwa mwanafunzi kwa saa ngapi?

KAKA: Hilo ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo nikakosa maneno. Mama anasema nyumbani ni bure. Si bure. Inalipwa kwa saa za kusoma. Mwenzake aliye hosteli ataamka saa kumi alfajiri asome kesi. Yeye ataamka saa kumi kupokea mikungu.

MAMA: Basi mmenifikisha. Nikiita mwanangu anisaidie, nimekosa? Mikungu hiyo ndiyo iliyolipa ada ya bweni. Ndiyo iliyokulipia wewe Dodoma. Baba yenu alipougua ulikuwa huko. Uliposafiri kuja ulizungukia Singida kwa sababu njia ya Kondoa ilikuwa mashimo, na ulifika siku moja baada ya maziko. Sikulaumu, hukuwa na mbawa. Ila leo mnanieleza kwamba mtoto kuwa karibu nami ni hasara kwake. Mimi nitakapougua, atahesabu nani mikungu?

KAKA: Mama, siku ile naibeba hadi leo. Ndiyo maana nilirudi Arusha, na ndiyo maana sitaondoka tena. Ukiugua, mikungu nitahesabu mimi. Na njia ile imekwisha: barabara ya lami kutoka Dodoma kupita Kondoa hadi Babati ilifunguliwa mwaka 2018. Akipanda basi asubuhi, jioni yuko hapa. Kwangu ilikuwa mateso, kwake ni safari ya siku moja.

MAMA: Wewe uko porini siku nane kwa wiki mbili. Msimu wa watalii, kuanzia Juni hadi Oktoba, nakuona mara ngapi?

KAKA: Mara chache, ni kweli. Lakini tazama kalenda ya vyuo. Likizo ndefu ya chuo inaanguka katikati ya msimu huohuo. Mimi nikiwa porini, yeye atakuwa nyumbani. Yeye akirudi Dodoma, watalii wamepungua nami nipo. Tunaweza kupokezana.

BABU: Hilo ni neno la mwanamume mwenye nyumba.

MAMA: Ni neno zuri, sikatai. Bado halijajibu usalama. Binti mgeni, mji wa vumbi na upepo, maji ya mgao, vyumba vya kupanga nje ya chuo. Huku kila mtu barabarani anamjua ni mtoto wa nani.

KAKA: Dodoma ni kame na maji ya mgao yapo. Lakini mama, sisi tunaojisifu kwa chemchemi za Meru, watu wengi wa vijiji vyetu wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo majini. Kila mji una maji yake ya kulalamikia. Na usalama wa binti unategemea anapolala na saa anazotembea. Akipata hosteli ndani ya chuo, yuko salama kuliko kupanda daladala Usa River saa tatu usiku kila siku akitoka maktaba.

BINTI: Mama, naomba kusema kitu bila kukuumiza. Kujulikana na kila mtu barabarani kunanilinda, nami nashukuru. Pia kunanifunga. Nikisema nataka kutetea kesi za ardhi, watu wa hapa wananiuliza nitaolewa lini. Dodoma sijulikani, na wala siogopi kutojulikana.

MAMA: Wewe huogopi. Mimi naogopa kwa niaba yako, ndiyo kazi niliyopewa.

MWALIMU: Sasa nitauliza swali ambalo nadhani mmelizunguka. Akiba inawekwa kwa ajili ya hofu fulani. Mnaogopa nini hasa kitakachoizuia Mlimani? Kaka anaogopa alama na nafasi, kwa hiyo anatafuta chuo cha umma kingine. Mama anaogopa pesa na umbali, kwa hiyo anatafuta nyumbani. Babu anaogopa mtoto asipanuke. Hizo ni hofu tatu, na hakuna mji mmoja unaozikinga zote. Chaguo la pili lisianguke kwa sababu ileile iliyoliangusha la kwanza. Kama alama ndizo zitakazomzuia Mlimani, jueni kwamba wengi watakaoachwa Mlimani wanaitazama Dodoma kwa macho hayohayo ya kaka. Kama pesa ndiyo itakayozuia Dar es Salaam, basi Dodoma haijaondoa tatizo, imepunguza nauli tu.

KAKA: Kwa hiyo unamuunga mkono mama?

MWALIMU: La. Kama hofu ni mkopo kukosekana, Makumira nayo inaanguka kwa sababu hiyohiyo, tena kwa kishindo zaidi, maana ada ndiyo kubwa. Nisemalo ni kwamba kila mmoja wenu ametoa jibu la swali lake mwenyewe.

BINTI: Basi niombe kote. Kuna katazo?

MWALIMU: Hakuna. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Kila chuo na fomu yake na masharti yake. Ukichaguliwa na kimoja, mambo yamekwisha. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, utaletewa namba ya siri kwa simu uthibitishe kimoja tu. Kwa hiyo ubishi wenu wa kuomba wapi umekwisha. Unaobaki ni mgumu zaidi: tuseme awamu ya kwanza Mlimani wamekuacha, Dodoma na Makumira wamekuchagua. Je, unathibitisha kimoja, au unaacha vyote ukasubiri awamu ya pili ujaribu Mlimani tena?

BABU: Asubiri. Akiba haiozi.

MWALIMU: Mzee wangu, akiba hii inaoza. Ina tarehe. Asipothibitisha ndani ya muda, nafasi anapewa mwingine, na awamu ya pili haina ahadi kwamba sheria ya Mlimani itakuwa na nafasi iliyobaki.

KAKA: Athibitishe Dodoma siku hiyohiyo.

MAMA: Athibitishe Makumira, au asubiri. Dodoma hapana, mpaka nione chumba atakacholala.

KAKA: Mama, hosteli zinagawiwa baada ya kuthibitisha.

MAMA: Basi na mimi nithibitishiwe kwanza. Kwa nini kila anayetaka mtoto wangu anataka niamini kabla ya kuona?

BINTI: Mama ana haki ya kuona. Mwalimu ana haki ya kuniuliza nilichokuwa sijauliza. Nitasema nitakavyofanya, na anayepinga apinge sasa, asisubiri ujumbe wa simu ufike. Mlimani wakinichukua, nakwenda Mlimani. Wakiniacha, sitasubiri awamu ya pili. Nitathibitisha kimoja kati ya hivi viwili, na kitakachoamua si mji. Kwanza nitatazama mahakama ya mazoezi na maktaba, kwa kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wa huku na wa kule. Pili, ile hesabu ya mwalimu bila mkopo. Chuo ambacho hatuwezi kukimaliza mkopo ukikosekana, sitakithibitisha, hata kama kiko mlangoni au kiko makao makuu.

MAMA: Na ukibaki Makumira?

BINTI: Nikibaki Makumira, mama, nitapanga chumba Usa River au nitaomba hosteli, na Jumatano gari la ndizi litapokelewa na mtu wa kulipwa. Nitakuwa karibu ukiugua, lakini sitakuwa nyumbani.

MAMA: Chumba Usa River? Basi bumu langu limekwishaliwa.

BINTI: Limeliwa nusu. Na nikienda Dodoma, kaka atakwenda nami siku ya kwanza, atalala huko, na hatarudi mpaka akupigie simu ya picha ukione chumba kwa macho yako.

KAKA: Nakubali. Hata kama ni katikati ya msimu.

BABU: Mimi bado nasema aende mbali.

MAMA: Na mimi bado nasema abaki. Lakini hesabu nitaifanya, mwalimu. Lete karatasi.

MWALIMU: Nitaileta, na neno langu la mwisho si kwenu peke yenu. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, nawaona wazazi wa Arumeru wakikesha kujadili chaguo la kwanza na kujaza la pili kwa dakika mbili, kwa kufuata jirani au kwa jina la mji. Kisha Oktoba mtoto anaripoti kwenye hilo la dakika mbili, na anaishi nalo miaka. Mzazi, kabla mwanao hajajaza chuo cha akiba, muulize maswali matatu: kama ni hiki pekee kitakachokuchukua, utakisoma kwa moyo? Mkopo ukikosekana, tutakimaliza? Na hofu inayotufanya tukiandike ni ya nani, yako au yangu? Ukishindwa kujibu moja, usijaze bado. Lakini usikae mno, maana dirisha la maombi lina siku ya kufungwa.